Siku Mama Baraka Aliposikia Joto Kwenye Theluji

Tangu nirudi Louisville simu yangu haijapumzika. Kila mmoja wenu amesikia kipande chake. Wengine mmesikia nilipotea porini, mwingine kaambiwa nimeokoka, na shemeji yangu wa Makambako ana hakika nilikamatwa na polisi. Basi naandika mara moja, tumalizane. Nawaonya mapema kwamba mengi sikuyaelewa yalipokuwa yakitokea, na machache siyaelewi mpaka leo.

Louisville

Mama Baraka ndiye mwenye nyumba ninamopanga chumba tangu nije kusoma, yaani tangu Agosti. Ni Mkongo wa Uvira, ana miaka hamsini na minane, na anaishi na binti yake Furaha aliye sekondari. Kwao, mwaka ukianza, watu wa kanisa hupanda mlima, hufunga kula na kunywa, huomba mpaka jioni. Tangu aje Marekani alikuwa hajapanda mlima wowote, na jambo hilo lilimkera. Mwaka huu binamu yake, mchungaji wa kanisa dogo la Wakongo huko Buffalo, akampigia simu: kilima kipo, kikundi kipo, njoo. Mama hakutaka kusafiri peke yake kwa sababu ya Kiingereza. Akanitazama mimi.

"Weye Tanzania, Kiingereza unajua. Tena unasemaka kwenu kuko baridi kupita hapa. Donc, utanisindikiza."

Kwetu ni Makete, na anayeijua Makete anajua umande unavyoganda kwenye majani mwezi wa Julai. Nilikuwa nimejitapa mno juu ya baridi hiyo nikila sombe yake, kisamvu cha Kikongo. Sasa nikakosa pa kutokea.

Furaha alinivuta jikoni. Mtoto huyu ukimsemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alikitamka polepole kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Aliniambia mama yake hasemi akiumwa, hasemi akichoka, hasemi akisikia njaa. "Wewe ndiye utasema kwa ajili yake," akaniambia. "Nataka umrudishe mzima." Nikamjibu asiwe na shaka. Nilijibu haraka mno.

Asubuhi ya safari yalikuwa yakinyesha manyunyu, mvua ya kawaida kabisa kwa macho yangu. Nilifungua mlango, nikakanyaga ngazi ya kwanza, na ngazi zote zilizobaki nilizihesabu kwa makalio. Mvua ile ilikuwa ikigusa chini na kuganda palepale. Kila waya na kila tawi lilikuwa limevishwa kioo, na lami ilionekana imelowa tu. Mama Baraka akatoka nyuma yangu, koti juu ya koti juu ya koti, akanikuta nimeketi njiani.

"Tanzania, umeshachoka? Hatujafika hata ku barabara."

Basi lilichelewa kwa saa tano. Mzee mmoja aliyekuwa akimwaga chumvi mlangoni pa kituo alinifundisha kwamba ukiona lami inang'aa lakini matairi ya magari hayarushi maji, hayo si maji, ni barafu. Nilishukuru, kisha nikateleza nikirudi kwenye kiti.

Columbus

Tulifikia kwa Wanjiru, Mkenya niliyesoma naye Dar, ambaye sasa ni mhasibu. Alitupikia ugali, sukuma wiki na nyama ya kukaanga, tukala tukasahau basi. Alipouliza tunaenda kufanya nini Buffalo, nikamweleza. Akaweka kijiko chini.

"Wait. Mnaenda ku-hike January? Na hivyo viatu?"

Akatuonyesha simu yake. Ilikuwa na namba mbili za baridi kwa kilima kimoja na siku moja. Ya juu ilikuwa mbaya. Ya chini ilikuwa mbaya kupita kiasi.

"Hii ya juu ndiyo temperature," akasema. "Hii ya chini ni vile mwili itafeel juu ya upepo."

"Sasa ipi ni ya kweli?" nikauliza.

"Zote."

Hapo nilichanganyikiwa. Kwetu baridi ni moja, unaivalia koti au unaiota moto. Mama Baraka alisikiliza tafsiri yangu, akafikiri, akatoa uamuzi: "Bon. Siye tutakamata ile ya juu."

Wanjiru hakucheka. Alisema suruali ya jinzi na kitenge vikiloa huko juu havikauki, vinanyonya joto la mwili. Alisema hatari kubwa si kupanda, ni kutoa jasho ukipanda kisha ukasimama. Akanipa sweta ya sufi, glovu na chupa kubwa ya chai yenye sukari, tuichukue safarini. Mama Baraka aliishika ile chupa kwa mikono miwili, akashukuru sana, akairudisha mezani. Kufunga kwake kulikuwa kunaanza kesho yake alfajiri. Mimi, nisije nikaonekana ninamtega mtu aliyeweka nadhiri, niliiacha pale pale mezani.

Kando ya ziwa

Tulipopita mji wa Erie jua lilikuwa linawaka na anga ya buluu tupu. Dereva akaingiza basi kwenye kituo cha mapumziko, akazima injini, akasema barabara ya mbele imefungwa kwa theluji. Nilitazama juu, nikatazama chini, sikuona theluji yoyote. Nikadhani labda anataka kulala.

Jirani yetu wa kiti, mzee Mmarekani mwenye ndoo ya kuku wa kukaanga, alinyoosha kidole mbele. Kulikuwa na ukuta wa kijivu umesimama kuvuka barabara, huku kwetu jua, kule giza. Alisema upepo ukipita juu ya ziwa hunywa maji, ukifika nchi kavu huyatapika theluji katika ukanda mmoja mwembamba. Mtaa huu magari yanafukiwa, mtaa wa pili watu wanatembea na miwani ya jua. Nilimwuliza unajuaje uko mtaa upi. Akasema unajua ukishafukiwa.

Tulikaa saa sita. Yule mzee akamkaribisha Mama Baraka kuku, akakataa. Akampa mkate, akakataa. Akampa tofaa, akalikataa kwa tabasamu kubwa zaidi, na mzee akaanza kuikagua mikono yake kama ni michafu. Ikabidi nieleze habari ya mfungo. Akauliza anafunga mpaka lini, nikasema mpaka kesho jioni, baada ya kushuka mlimani.

"Mwambie baridi haijui kwamba amefunga," akasema.

Mama akataka kujua mzee kasema nini. Nikamwambia kasema anatutakia safari njema. Niliona kumweleza vile ni kumkosea imani yake, na mimi ni mpangaji tu.

Buffalo, West Side

Mchungaji Bahati anaishi kwenye nyumba kuukuu ya mbao, ya ghorofa mbili, yenye ngazi zinazolia. Ni mtu mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, mpole wa sauti, anafanya kazi kiwandani na Jumapili anahubiri. Walitupokea kwa nyimbo. Wote walikuwa wamefunga, kwa hiyo waliniwekea ugali wa muhogo na samaki mimi peke yangu, wakakaa kunizunguka watu saba wakinitazama kwa upendo ninavyotafuna. Sijawahi kula kwa aibu kama ile.

Niliuliza kama wameangalia hali ya hewa.

"Ndugu, météo ni ya Mungu," mchungaji akajibu. "Kile kilima tunakijua. Tulipandaka pale wakati majani inakuwa mekundu."

"Na wakati wa theluji?"

"Ni kilima kile kile."

Kweli, kilima hakihami.

Kilimani

Asubuhi jua lilitoka, upepo hakuna. Tulikwenda na gari la kanisa, nusu saa na kidogo kusini mwa mji, tukafika tukakuta ubao wa ramani na maandishi marefu. Niliyasoma yote nikiwa wa mwisho: jua linazama mapema, mweleze mtu unakokwenda, chini ya theluji laini kuna barafu, geuka kabla hujachoka. Nilipoinua kichwa wenzangu walikuwa wameshaingia msituni wakiimba, ikabidi niwakimbilie.

Kupanda kulikuwa kuzuri, nisiseme uongo. Miti ilizuia upepo. Theluji ilifika magotini, na mara mbili nilikanyaga mahali palipoonekana ardhi nikaingia mpaka kiunoni, kumbe chini ni kijito. Mama Baraka na makoti yake matatu alikuwa anatoa mvuke kichwani. "Unaona?" akaniambia akifuta jasho. "Hii baridi yenu ni ya bure."

Juu hakukuwa na miti, na upepo wote tuliokuwa tukijiuliza uko wapi ulikuwa pale. Vijana walikuwa wakirukaruka na kupiga makofi. Mama alipiga magoti kwenye theluji, kitenge kimelowa, akatulia. Baada ya saa moja mawingu yalishuka na theluji ikaanza kuja kwa ubavu. Nikageuka kutazama njia tuliyopandia. Nyayo zetu hazikuwepo. Juu kweupe, chini kweupe, sikujua kilima kinaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Nikatoa simu niangalie picha ya ramani niliyoipiga pale ubaoni, simu ikazima mkononi mwangu ikiwa na chaji nusu.

Mama Baraka alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Nilimsogelea nimwambie tushuke, akanipungia mkono niondoke. Baadaye nikaona ameacha kutetemeka, nikashukuru Mungu, nikasema moyoni mwili umezoea. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi hapo hata wa kuniambia sikuwa naye.

Kisha maombi yake yakaanza kuwa mazito. Maneno yalimtoka yameshikana, mdomo haufungi vizuri. Nilidhani ni Kifuliiru, lugha ya kwao Uvira. Dada mmoja alidhani ni kunena kwa lugha, akaita haleluya. Mama akasimama, akayumba, akaanguka, akasimama tena, na kila alipoyumba nyimbo zilipanda. Mimi ni Mlutheri wa Makete. Sisi huomba tumekaa. Nilijua imani yangu ina mipaka yake, nikanyamaza.

Hapo ndipo alipotupa glovu. Akafungua koti la kwanza, akalirusha, akashika la pili.

"Moto!" akasema. "Nasikia moto! Muni... munivue!"

"Moto wa Roho!" Mchungaji Bahati akapaza sauti, machozi yanamtoka. "Mumuache! Mutu asimuguse!"

Ndugu zangu, mniambie ninyi mngefanya nini. Watu saba waliomjua Mungu kunizidi wanaimba, na mtu mwenyewe anasema anasikia joto, uso wake una furaha. Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe kama nta. Nikakumbuka kwamba huyu ni mtu asiyesema akiumwa, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Niliokota koti nikamvika. Akalivua. Nikamvika tena, na mchungaji akanishika mkono.

"Ndugu, usizuie kazi ya Mungu."

Nikamsukuma. Mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, nilimsukuma mchungaji kifuani akakaa kwenye theluji, na nyimbo zikakatika. Sikujua kama nimeokoa mtu au nimetenda dhambi mbele ya mashahidi.

Katika kimya hicho tulisikia mtu akifoka. Alikuwa mama mzungu, mtu mzima wa kama miaka sabini, amevaa vile viatu vipana vya kutembelea theluji na ana fimbo mbili. Alikuwa anashuka kutoka upande wa pili akasikia nyimbo. Alimfikia Mama Baraka, akaniuliza anaitwa nani, kisha akaniambia nimwulize yeye mwenyewe jina lake. Nilimwuliza. Mama alinitazama kwa upole, hakulijua.

Yule bibi akatuamuru kama askari. Koti la ndani lililolowa tulilikata kwa kisu, kitenge pia. Akatoa begini mwake koti kavu na blanketi linalong'aa. Tukamkalisha juu ya mabegi, si juu ya theluji, dada wawili wakamkumbatia mbele na nyuma, wengine tukawa ukuta wa upepo. Mmoja akaanza kumsugua mikono, bibi akampiga kofi: usimsugue, usimtembeze, usimpe kitu kinywani mpaka aweze kushika kikombe mwenyewe. Simu yake aliiweka kifuani, ndani ya nguo, kwa hiyo ilikuwa hai. Akaita waokoaji.

Huku tukisubiri, nilimwuliza kwa nini mtu anayeganda alie joto. Akaniambia mwili ukizidiwa, mishipa iliyojifunga kulinda damu hulegea, damu ya moto inakimbilia kwenye ngozi, na mtu hujiona anaungua. Akili nayo imeshapotea. Anavua nguo mwenyewe, viatu pia, wakati amebakiza kidogo tu kufa. Nikatafsiri kwa sauti ili wote wasikie.

Mchungaji Bahati alikuwa bado amekaa pale nilipomwangusha. "Rudilia," akasema.

Nikarudia.

"Anavua mwenyewe? Bila mutu kumuvua?"

"Mwenyewe."

"Na viatu?"

"Na viatu, mchungaji."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ni aibu ya yaliyotokea, au hasira juu yangu. Waokoaji walifika na sleji ya kumkokotea mgonjwa baada ya karibu saa mbili, na muda wote huo sikumwona akiinua uso.

Lackawanna

Nisiwaweke roho juu: Mama Baraka yuko hai, na ninavyoandika yuko jikoni ananigombeza kuhusu sufuria. Siku ya pili hospitalini aliamka, akadai chai na chapati, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Ni nani alikata kitenge changu?" Hakumbuki kitu tangu alipopiga magoti. Ncha za vidole viwili bado hazina hisia. Nilimpigia Furaha, nikamweleza yote bila kuficha chupa ya chai wala kuku wa kwenye basi, akalia, akanitukana kwa Kiswahili safi ambacho sikujua anacho.

Mchungaji Bahati alikuja hospitali kila siku lakini alikaa koridoni. Siku ya tatu aliniita nje. Nilijiandaa kuomba radhi kwa kumsukuma. Akaniomba nimsindikize Lackawanna, mji wa jirani, kwa mtu. "Peke yangu miguu haitafika," akasema.

Garini ndipo aliponieleza. Kaka yake, Deo, alitangulia kuja Marekani. Miaka minne iliyopita, siku ya dhoruba, mabasi yalisimama, Deo akatoka kazini kwa miguu pamoja na rafiki yake Etienne, aliyekuwa shemasi wao. Etienne alifika peke yake kuomba msaada. Walimkuta Deo kando ya uzio, hana koti, hana viatu. Polisi walisema ni baridi. Familia ikasema baridi gani inayomvua mtu koti? Etienne aliapa kwamba Deo alijivua mwenyewe.

"Siye tulicheka," mchungaji akasema, macho barabarani. "Tulisema amemuvua ndugu yetu ili yeye apone. Mimi ndiye nilimufukuza kanisani. Mbele ya batu bote."

Tulisimama mbele ya nyumba ndogo ambayo njia yake ilikuwa imekwanguliwa theluji vizuri. Mwanamume mfupi mwenye mvi alifungua mlango, akamwona ni nani, akabaki ameshika kitasa. Mimi nilibaki chini ya ngazi, sijui nipande au nirudi garini. Mchungaji alivua kofia.

"Deo alijivua mwenyewe," akasema.

"Nilikuambia."

"Ulituambia."

Ndani sauti ya mwanamke iliuliza ni nani, na Etienne akajibu bila kugeuka kwamba ni mdogo wake Deo. Kisha akainua mikono yake miwili, akaitazama, akamwonyesha.

"Nilimuvalisha lile koti mara tatu," akasema. "Mara ya ine hii mikono ilikataa kufunga vifungo. Miaka ine, Bahati, na hakuna hata mumoja wenu aliniuliza."